Gego la Paka Mwenye Sukari

Kosa langu la mwanzo kabisa lilikuwa kumpiga paka mswaki.

Ninaliandika waziwazi kwa sababu kila nikilisimulia kwa mdomo watu hucheka, nami hucheka nao, halafu habari huishia hapo. Paka wetu alikuwa ameanza kunuka mdomo. Ilikuwa harufu ya nyama iliyosahauliwa ndani ya kopo, na ilinifikia kila alipopiga miayo juu ya meza yangu ya kazi. Mimi ni fundi simu. Nilijifunza mwenyewe, kwa kuharibu simu zangu na za ndugu zangu mpaka nikaacha kuziharibu. Kwa hiyo nina imani moja ya hovyo: kwamba hakuna uchafu usiotoka, mradi uwe na kifaa kidogo na subira. Nilinunua mswaki wa mtoto, nikakoroga chumvi kwenye maji ya uvuguvugu, nikamviringisha paka ndani ya taulo na kumsugua magego. Siku ya kwanza alilia. Siku ya tatu fizi zilitoka damu, nikaandika kwenye daftari, "Damu kidogo, kawaida." Niliendelea hivyo kwa wiki tatu. Uozo ulikuwa chini, kwenye mizizi, na nilichokuwa nikisugua kila asubuhi kwa bidii na kwa mwandiko mzuri kilikuwa kidonda.

Baada ya hapo hakuniruhusu tena kumgusa kichwa. Alimruhusu mama tu.

Mama alizaliwa karibu na Mbozi Mission, akaolewa Ruanda ya hukohuko Mbozi, akalima kahawa na mahindi huko mpaka baba alipofariki na miguu yake mwenyewe ikaanza kufa ganzi. Nilimleta Tunduma akae nami kwa sababu ya sukari. Alikuja na begi moja, Biblia, kitabu cha nyimbo, magunia mawili ya mahindi, na kikapu kilichofungwa kwa kanga. Ndani ya kikapu alikuwemo paka.

"Huyu wa nini, mama? Huku mjini kuna paka wengi."

"Wa kulinda mahindi," alisema. "Hao wa mjini wako ni wezi."

Kwetu paka ana kazi, kama jembe. Anakamata panya, anapewa kichwa cha dagaa, akifa anazikwa nyuma ya migomba bila maneno. Hapewi jina. Mama alimwita "mwenzangu," na hata neno hilo nadhani lilianza kwa utani, kwa sababu wote wawili walikuwa wazee na wote wawili hawakuupenda mji.

Mama alikuwa ameandikiwa sindano ya insulini mara mbili kwa siku, asubuhi na jioni. Hakuitaka. Alikuwa na sababu mpya kila siku: leo niko vizuri, leo sijala sana, leo tumbo limechoka kutobolewa, leo nimeomba. Miezi michache baada ya kufika kwangu nilimkuta asubuhi moja hajitambui, anavuta pumzi ndefu kama mtu aliyepanda mlima, na mdomo wake ukinuka matunda yaliyochacha. Alilazwa hospitali ya Vwawa siku sita. Daktari alinivuta pembeni akaniambia kwamba akiacha tena sindano hatahakikisha chochote. Nikaanza daftari. Nilipiga mistari kwa rula: tarehe, saa, sukari, dozi, saini yangu. Mama aliliita "daftari la mahudhurio." Aliendelea kukwepa. Nilipokuwa kibandani kwangu nikitengeneza simu, nilikuwa nikiwaza kama amejichoma au amenidanganya, na mara mbili nilikata nyaya za simu za watu kwa sababu hiyo.

Kisha wakaja sisimizi.

Paka alikuwa akikojoa kwenye boksi la pumba za mahindi nyuma ya mlango wa jikoni. Tuliona anakunywa maji mno, na mgongo wake umebaki mifupa. Asubuhi moja boksi lilikuwa jeusi kwa sisimizi. Nilitaka kulimwaga. Mama akanizuia kwa fimbo yake.

"Ngoja. Hawa nawafahamu."

"Unawafahamu vipi?"

"Walinifuata chooni Ruanda mwaka mzima kabla sijaenda hospitali. Lete mashine yako ya kupimia."

Mama alimshika, mimi nikamtoboa ncha ya sikio na kuweka tone la damu kwenye kipimo. Mashine ilisoma ishirini na saba; kwa mtu, hata kumi ni nyingi. Mama alicheka mpaka akakaa kwenye kigoda.

"Kumbe kweli ni mwenzangu!"

Nilimpigia bwana mifugo wa Vwawa ambaye jirani yetu hununua kwake chanjo za kuku. Alikuwa mtu wa ng'ombe na nguruwe. Akasema kwamba jambo hilo alilisoma chuoni, hajaliona kwa macho. Akaniambia nianze na yuniti moja asubuhi na moja jioni kutoka kichupa kilekile cha mama, baada ya kula, na nisithubutu kuongeza bila kumwuliza.

Siku iliyofuata lilitokea jambo ambalo mimi, na daktari, na daftari, na wachungaji wawili waliokuja kumwombea mama tulikuwa tumeshindwa kulifanya. Saa kumi na mbili asubuhi mama alikaa kitandani, paka mapajani, akanyoosha mkono.

"Lete zote mbili. Mimi kwanza, asije akasema namwonea."

Akajichoma. Akamkunja paka ngozi ya shingo, nikamchoma. Jioni vivyo hivyo. "Haya mwenzangu, zamu yako, mimi nimeshalia," alikuwa akisema. Kwa miezi minane hakukosa hata sindano moja. Sukari yake ilishuka, akaanza kutembea hadi kanisani bila fimbo. Insulini ilikaa ndani ya chungu cha maji kwa sababu umeme wetu si wa kutegemea, na kila nilipokifunua nilimshukuru Mungu kwa ajili ya yule paka.

Kwa hiyo ninakiri: sikumtibu kwa kumhurumia. Nilimtibu kwa sababu alikuwa amemshika mama mahali ambapo mimi sikuweza kumshika. Niliona wazi kabisa kwamba siku paka atakapoondoka, mama ataanza tena kuwa vizuri leo, kuchoka tumbo leo, kuomba leo.

Na sukari ya paka haikushuka. Tuliongeza mpaka yuniti mbili kwa ruhusa ya bwana mifugo, bado ilikuwa ishirini na kitu. Akaanza kudondosha dagaa mdomoni. Alikuwa akienda kwenye sahani kwa haraka, anauma, anaruka nyuma kama ameungua, kisha anakaa akiitazama sahani. Mate yenye damu yalimganda kidevuni.

Bwana mifugo alipokuja Tunduma kukagua nguruwe alipitia kwetu. Mama akamfungua paka mdomo. Yule bwana alimulika kwa simu, akageuza uso, akamulika tena.

"Mama, mdomo huu umeoza. Haya magego ya nyuma, huku na huku, yametoka mahali pake. Kuna usaha."

"Ndiyo maana sukari haishuki?" niliuliza. Nilikuwa nimesoma habari hiyo usiku na mchana.

"Ndiyo hiyo. Mwili wenye usaha hauisikii insulini. Meno yakitoka, dawa itaanza kufanya kazi."

"Basi yatoe," mama alisema.

Bwana mifugo alikaa kwenye gunia la mahindi. "Mama yangu, nikuambie ukweli. Nguruwe wadogo nimewakata meno hata hesabu sina. Mbwa nimemtoa jino mmoja. Paka, sijawahi. Paka mwenye sukari, kumlaza kwa dawa ya usingizi? Anaweza asiamke."

"Na tukimwacha?"

"Hatakula. Asiyekula hachomwi. Asipochomwa unajua mwenyewe."

Mama alijua. Alimfuta paka kidevu kwa upindo wa kanga. "Tutakuja," alisema.

Tulipangiwa Jumanne, saa mbili asubuhi, Vwawa. Bwana mifugo alinipigia Jumatatu mchana. "Asile kitu kuanzia leo jioni, asije akatapika usingizini. Maji apewe." Ni maneno anayowaambia watu wote. Habari ya sindano hakuigusa, nami sikumwuliza. Sababu ya kutomwuliza ni ya aibu: nilidhani naijua. Nilikuwa nimesoma kwamba paka mwenye sukari anayezuiwa kula kwa ajili ya upasuaji hupewa nusu ya dozi, na kwamba ni lazima apimwe mara kwa mara njiani. Nilikuwa nimeinakili kwa kalamu nyekundu. Nilimweleza mama hata kabla hajauliza, kwa sauti ya mwalimu.

Asubuhi ile nilimpima paka. Ishirini na nne.

Niliitazama namba ile nikaona akilini bwana mifugo akiiona. Nilimwona akitikisa kichwa na kusema sukari iko juu mno, simlazi, rudini. Nilitaka tufike na namba nzuri. Ni ugonjwa wangu huo. Hata simu ambayo skrini yake imepasuka siirudishi kwa mwenyewe kabla sijaifuta alama za vidole. Nusu ya dozi ilikuwa yuniti moja. Dozi yake ya kila asubuhi ilikuwa mbili. Nilivuta tatu.

"Ya leo ni nusu, si ndiyo?" mama aliuliza akiwa amemshika. Macho yake hayaoni mistari midogo ya bomba la sindano.

"Moja," nilisema.

Nikamchoma. Kwenye daftari nikaandika moja.

Jirani yetu anayeuza vyakula vya kuku alitupakia kwenye pikapu yake. Paka alikuwa ndani ya boksi kubwa la kadibodi lenye matundu, mapajani kwa mama.

"Kwa hiyo safari yote hii ni kumpeleka paka kung'oa meno?" jirani alisema. "Shangazi, mimi jino hili linaniuma tangu mahindi ya mwaka jana. Hakuna aliyenipakia kwenye gari."

"Wewe huna adabu ya kukaa kwenye boksi," mama alimjibu.

Hatukufika mbali. Kabla ya Mpemba malori yalikuwa yamesimama. Hiyo si ajabu kwetu. Mpaka wa Zambia ukichelewa, foleni inajaa barabara, madereva wanazima injini, wanashuka na kutandika mikeka chini ya matela. Lakini siku ile lori moja lilikuwa limelala njiani likijaribu kupita wenzake, na hata bodaboda zilikuwa zikikwama. Saa moja na nusu. Saa mbili. Saa tatu. Nilimpigia bwana mifugo, akasema yuko, tusiwe na wasiwasi. Mashine ya kupimia nilikuwa nayo mfukoni. Sikuitoa. Nilijiambia mama asisumbuliwe. Ukweli ni kwamba niliogopa namba.

Ilipokaribia saa nne mama alisema, "Mwenzangu ametulia mno."

Alifungua boksi. Paka alikuwa amelala ubavu, macho wazi, mboni pana na nyeusi. Mguu mmoja wa nyuma ulikuwa ukipiga kadibodi, tap, tap, tap. Kisha mwili wote ukakakamaa na kuanza kutikisika, na mkojo ukalowesha kanga ya mama.

"Anakufa huyo," jirani alisema.

"Hafi, sukari imeshuka," mama alisema. Alijua kuliko mimi, kwa sababu imeshamshuka yeye mwenyewe. "Nipe kitu kitamu. Cha maji. Upesi!"

Alikuwa na pipi kwenye mkoba, za kwake, lakini paka yule angezifanyia nini? Niliruka chini. Lori lililokuwa mbele yetu lilikuwa la Zambia, na dereva wake, mtu mnene mwenye kofia ya sufu, alikuwa akichemsha chai pembeni ya tairi.

"Sukari, kaka! Naomba sukari!"

"Mulishani," alinisalimia kwanza, taratibu. "Sukari ya nini? Chai haijaiva."

"Paka anakufa."

"Pushi?" Alinitazama kama mwizi wa aina mpya. "Unataka sukari ya kumpa pushi?"

Lakini alikwisha kuinua mfuko. Alikoroga vijiko vitano kwenye kikombe chenye maji ya moto kidogo, akaja nacho mwenyewe hadi kwenye pikapu. Mama alichovya kidole na kumpaka paka ndani ya shavu, juu ya zile fizi zilizooza, tena na tena. Kidole kilitoka na damu na usaha.

"Awe, mama, hapana!" dereva alisema. "Atakukata kidole huyo. Huyu si wa kupona."

"Wewe koroga," mama alimwambia.

Akakoroga. Sijui dakika ngapi zilipita. Mtikisiko ulipungua, ukabaki kwenye sikio, kisha paka akalamba. Mara moja. Mama akafumba macho.

"Natotela," alimshukuru dereva. Ni neno alilojifunza sokoni.

Dereva alichukua kikombe chake, akakitazama ndani, akakimwaga nyasini na kumpa mama kikombe chenyewe. "Kaeni nacho," alisema. "Siwezi kukinywea tena."

Hapo ndipo nilipompima. Mbili na nukta tisa, baada ya sukari yote ile.

Tulifika Vwawa karibu saa sita. Chumba cha bwana mifugo kilikuwa na meza ya bati, mizani, na kalenda ya dawa za kupe. Alimsikiliza paka moyo, akamtundikia dripu ndogo ya glukosi mguuni, kisha akaniuliza bila kuinua kichwa.

"Asubuhi ulimpa ngapi?"

Daftari lilikuwa mkononi mwangu, wazi. Moja, ilisema, kwa mwandiko mzuri. Mama alikuwa amesimama ng'ambo ya meza.

"Tatu," nilisema.

"Tatu? Na hajala?"

"Ilikuwa juu. Nilitaka ishuke."

Bwana mifugo aliweka chini kifaa chake. Hakunigombeza, na afadhali angenigombeza. Alisema, kama mtu anayejisemesha, "Mimi pia nilipaswa kukuambia. Sikufikiria."

Mama ndiye aliyenitazama. "Uliniambia moja."

"Ndiyo."

"Kwani ungesema tatu ningekupiga?"

Nilifunga daftari. Alivuta kiti, akakaa karibu na kichwa cha paka, na tangu dakika ile hakunisemesha.

Bwana mifugo alitaka turudi baada ya wiki. Lakini paka alikuwa na siku tatu hajala cha maana, na njia ilikuwa vile ilivyokuwa. Yeye na mama walizungumza wao wawili. Mwishowe alisubiri mpaka sukari ikasimama kwenye kumi na mbili, hata saa tisa alasiri, akampa dawa ya usingizi kidogo kidogo. Kazi yangu ilikuwa kumulika taa na kupima sukari kila robo saa. Nilikubali kwa kichwa. Kila namba niliisoma kwa sauti ili mama aisikie.

Hakuwa na vifaa vya kinywa cha paka. Alikuwa na koleo ndogo ya kukatia meno ya nguruwe wachanga, sindano nene aliyoitumia kulegeza ufizi, na koleo moja ya meno ya watu ambayo rafiki yake alimpa ilipochakaa. Gego la kwanza la kushoto lilitoka kama punje ya hindi iliyooza. La pili vivyo hivyo. Upande wa kulia, moja lilitoka. La mwisho aliposhika na kulizungusha, lilisema kah, sauti ndogo kavu, na mkononi mwake kikabaki kichwa cha jino bila mizizi.

Alitoa pumzi. Akachungulia. Akachokonoa kidogo, damu ikajaa, akaacha.

"Limevunjika. Mizizi imebaki ndani."

"Itoe," nilisema.

"Siioni. Kuitoa kunataka picha ya mionzi na mashine ya kutobolea mfupa. Hapa Vwawa sina, Mbeya sijui kama wanayo ya wanyama. Nikiendelea kuchimba nitamvunja taya, na usingizi umekuwa mrefu." Alinawa mikono. "Tuombe ufizi ufunge juu yake. Wakati mwingine hufunga."

Paka aliamka saa kumi na mbili kasoro. Alisimama, akaanguka, akasimama. Mama alimtia ndani ya kanga kavu ambayo mke wa bwana mifugo alituletea. Tuliporudi foleni ilikuwa imefunguka, tukapita moja kwa moja, na jirani aliimba njia nzima kwa sababu hakuna aliyekuwa akizungumza.

Nitasema ukweli kuhusu siku tisa zilizofuata, kwa sababu ndizo zinaniuma zaidi. Zilikuwa nzuri. Paka alikula uji wa dagaa waliosagwa, sahani nzima, bila kuruka nyuma. Sukari ikashuka kwa yuniti mbili zilezile: kumi na nane, kumi na nne, kumi na moja. Harufu ikaisha. Alipanda juu ya magunia na kumkamata panya, akamletea mama kitandani, naye akampongeza kwa Kinyiha kwa maneno ambayo alikuwa akiniambia mimi nikiwa mdogo nikifaulu mtihani. Alianza kunisemesha tena. Asubuhi na jioni walichomwa wote. Kwenye daftari nilifuta ile moja na kuandika tatu, nikasaini.

Siku ya kumi shavu la kulia lilivimba.

Bwana mifugo alimpa sindano za kuua vijidudu kwa siku saba. Uvimbe ulipungua, ukarudi chini ya jicho. Alipokuja kumtazama alimpapasa taya na kusema kwamba mizizi ile imeozea ndani ya mfupa. Wanaoweza kuifanya kazi hiyo ipasavyo wako mbali, siku nzima ya safari au zaidi, na paka huyu hawezi kuzuiwa kula tena wala kulazwa tena. "Dawa niliyobaki nayo ni ya kumlaza moja kwa moja," alisema. "Ukitaka, mama."

"Ngoja kwanza," mama alisema.

Paka akaacha kula. Asubuhi iliyofuata mama alikaa kitandani kama kawaida, paka mapajani, nami nikaleta chungu. Nikavuta ya mama tu.

"Na yake?"

"Hajala, mama. Siwezi kumchoma."

"Basi tumsubiri ale."

"Wewe umeshakunywa uji. Wewe jichome."

"Nimesema tumsubiri."

Nilimbembeleza. Nikamfokea. Nilipiga magoti sakafuni, mtu mzima, nikamkumbusha siku sita za Vwawa. Alimpapasa paka mgongoni akatazama ukutani. Jioni sukari yake ilisoma kumi na tisa. Nilimwambia namba, akasema, "Mashine yako inapenda kutisha watu." Siku ya pili hakujichoma tena. Ya tatu alfajiri nilimpigia bwana mifugo na kumwambia aje na ile dawa ya kumlaza moja kwa moja, bila kumwuliza mama. Nilikuwa tayari kumfanyia mama hata hilo. Dawa haikuhitajika. Alipofika saa nne paka alikuwa amekwisha kufa, juu ya gunia, kichwa kikilalia upande ule usiovimba.

Nilichimba nyuma ya migomba ya jirani, yeye akanisaidia. Hakutania. Mama alisimama mlangoni, hakuja. Tulipoingia ndani alikuwa amekaa kitandani na mkono ameunyoosha, na akajichoma mwenyewe bila kunitazama, na mimi nikatoka nje nikalia kwa furaha ya kijinga, nikidhani nilikuwa nimekosea kuogopa.

Imepita miezi mitano. Jirani alituletea paka mwingine, mdogo, mama akamrudisha siku hiyohiyo. Panya wamerudi kwenye mahindi. Mama anajichoma asubuhi, mbele yangu, kwa sababu asubuhi nipo. Jioni ninaporudi kutoka kibandani ananiambia ameshajichoma, na kichupa ndani ya chungu kiko palepale kilipokuwa asubuhi, nami sasa simwulizi.